Gari ya Mjomba, Moshi wa Los Angeles na Kawaya Kanakopima Hewa

Desemba iliyopita mjomba wangu aliondolewa katalitiki ya gari yake kwa kosa ambalo halikuwa la katalitiki. Najua ukisikia hivyo unajiambia, hii ni stori ya mafundi, wacha nipite. Ngoja kwanza. Ni stori ya hewa unayovuta ukiwa stejini ukingoja matatu, na inaanzia mbali sana na gereji.

Ilikuwa hivi. Gari ni ndogo, ya petroli, ilitoka Japani ikashukia Mombasa kama wenzake wengi. Kwenye tambarare iko sawa. Ikianza kupanda Limuru, inachoka. Unakanyaga mafuta, inafikiria kwanza, halafu inaenda kwa kushtuka-shtuka. Inamisi. Fundi wa kwanza akabadilisha plagi. Wapi! Akabadilisha koili. Wapi! Siku ya tatu akalala chini ya gari, akagonga ekzosi kwa spana, akatoka na hukumu: "Mzee, katalitiki imeziba. Na hii kitu ni ya wazungu, huku haina kazi. Tuitoe." Mjomba akakubali. Akarudi nyumbani na bomba tupu mahali katalitiki ilikuwa, na gari bado inachoka mlimani.

Fundi wa pili ni kijana wa rika langu. Alifungua boneti, akalegeza skrubu mbili kwenye bomba linalotoka kwa filta ya hewa, akachomoa kitu kidogo cha plastiki nyeusi kinachotoshea kiganjani. Akaniita nione ndani. Kulikuwa na kawaya kembamba kamejaa vumbi, kama nywele za mtu aliyetoka Kajiado kwa bodaboda. "Hii ndiyo inapima hewa," akasema. "Imechafuka, sasa inadanganya kompyuta." Kumbe filta ilikuwa imeraruka pembeni na vumbi lilikuwa linapita bila kupiga hodi. Akapuliza dawa ya kusafishia, akaacha ikauke vizuri, akarudisha, akaweka filta mpya. Tukapanda Limuru mjomba akiimba.

Mimi nilirudi nyumbani na maswali mawili. La kwanza: waya inapimaje hewa? La pili liliniuma zaidi: kama katalitiki ni "ya wazungu", hao wazungu waliiweka ya nini? Nikaanza kusoma, na nikakuta maswali yote mawili yako kwenye historia moja.

Kitu chenyewe nitakiita sensa ya hewa. Si ile sensa ya kuhesabu watu, ingawa kazi yake haiko mbali: inahesabu hewa inayoingia kwa injini.

Injini hula hewa kuliko mafuta

Sisi huwa tunaongea juu ya mafuta tu. Bei imepanda, gari inakunywa, weka ya elfu moja. Lakini ili kilo moja ya petroli iungue kabisa, inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Ukipiga hesabu, lita moja ya petroli inataka lita kama 9,000 za hewa. Lile tangi kubwa la maji la ploti, la lita 10,000, likiwa tupu, hewa iliyo ndani inatosha kuunguza petroli ya chupa moja na ushee.

Petroli ikizidi, haiungui yote. Inatoka kama moshi mweusi, kama gesi ya kaboni monoksaidi, kama doo yako ikipaa hewani. Ikipungua, injini inakosa nguvu na inamisi. Ni kama kusonga ugali: lazima ujue kiasi cha maji kabla ya kumwaga unga. Tofauti ni kwamba injini inasonga ugali mara elfu kadhaa kwa dakika, na sufuria inabadilika kila wakati unapokanyaga mafuta.

Halafu hewa yenyewe ni msumbufu. Uzito wake hautulii. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 15. Kama hauamini, fanya hivi: funga chupa tupu ya maji Nairobi, iweke kwa begi, shuka nayo Mombasa. Utaikuta imebonyea, kwa sababu hewa ya pwani imeikandamiza. Kwa hivyo lita moja ya hewa ya Likoni na lita moja ya hewa ya Limuru si kitu kimoja. Injini haitaki kujua ni lita ngapi zimeingia. Inataka kujua ni gramu ngapi.

Wakati hakuna aliyepima

Kwa miaka mingi hakuna aliyepima. Mwaka 1893 Wilhelm Maybach wa Ujerumani alitengeneza kabureta ya kunyunyiza, na wazo lake likatawala dunia kwa karibu miaka 90. Kazi yake ni rahisi: hewa ikipita mahali pembamba inaongeza kasi, shinikizo linashuka, petroli inavutwa kupitia kitundu kidogo. Hewa nyingi, petroli nyingi. Hewa kidogo, petroli kidogo. Hakuna waya, hakuna kompyuta.

Kitundu hicho kinaitwa jeti, na ukubwa wake ni mmoja tu. Gari iliyopangiwa usawa wa bahari ikiletwa milimani, hewa inakuwa nyepesi lakini kabureta bado inamwaga petroli karibu kama ile ya zamani. Plagi zinakuwa nyeusi, moshi unatoka, mafuta yanaisha. Dawa yake ilikuwa fundi abadilishe jeti. Ukishuka pwani kukaa, unarudisha ile ya kwanza. Ongea na mzee yeyote aliyeshika spana siku za kabureta, atakuambia habari za jeti hadi chai ipoe.

Sasa, mbona watu walivumilia hivyo kwa muda huo wote? Kwa sababu mafuta yalikuwa rahisi, na moshi ulionekana kama dalili ya maendeleo. Kilichobadilisha mambo ni watu kukohoa.

Mji uliodhani umeshambuliwa

Tarehe 26 Julai 1943, wakati wa vita vya pili vya dunia, wakazi wa Los Angeles kule Marekani waliamka wakakuta mji umefunikwa na ukungu mzito wa moshi. Macho yanawasha, koo inachoma, huoni majengo ya mbali. Wengine walidhani Japani imewapiga na gesi ya sumu. Baadaye lawama ikaangukia kiwanda kimoja kilichokuwa kinatengeneza butadieni, malighafi ya mpira wa bandia. Kikafungwa kwa muda. Moshi haukuenda popote.

Jibu lilitoka kwa mtu ambaye hakuwa wa magari hata kidogo. Arie Haagen-Smit alikuwa mwanakemia mzaliwa wa Uholanzi, akifundisha chuo cha Caltech, na utafiti wake ulikuwa juu ya harufu ya nanasi. Nanasi, wasee! Mitambo aliyokuwa nayo ya kunasa harufu za matunda akaitumia kunasa hewa ya mji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaonyesha kwamba moshi wa ekzosi, hasa petroli ambayo haikuungua pamoja na oksaidi za naitrojeni, ukipigwa na jua unageuka kuwa kitu kipya kikali chenye ozoni. Ozoni hiyo ilikuwa inapasua hata mpira. Yaani watu walikuwa wanasubiri ndege za adui, kumbe adui ameegeshwa nje ya kila nyumba.

Kampuni za mafuta na za magari zilibisha. Lakini watu wa California hawakunyamaza. Mwaka 1967 jimbo likaunda bodi yake ya kusimamia hewa, na Haagen-Smit akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Mwisho wa 1970 Rais Richard Nixon akatia saini Sheria ya Hewa Safi ya nchi nzima, ikidai magari mapya yapunguze sumu kuu za ekzosi kwa asilimia 90 ndani ya miaka michache. Wenye viwanda wakasema haiwezekani. Honda ya Japani, kampuni iliyojulikana zaidi kwa pikipiki, ikatengeneza injini iliyotimiza viwango vilivyowekwa vya 1975 bila hata katalitiki. Tarehe za mwisho zikasogezwa mara kadhaa, lakini dai lenyewe halikufutwa.

Hapo ndipo kupima hewa kulikuwa lazima. Huwezi kuunguza petroli kisafi kama hujui hewa uliyo nayo.

D ya shinikizo, L ya hewa

Wamarekani walikuwa wamejaribu mapema. Mwaka 1957 kampuni ya Bendix ilitangaza mfumo wa kunyunyiza petroli kwa umeme, na Chrysler ikauweka kwenye magari machache ya 1958. Ulisumbua sana, na mengi yakarudishiwa kabureta. Elektroniki za wakati huo hazikuwa tayari.

Wazo likavuka bahari hadi Bosch, Ujerumani. Mwaka 1967 wakatoa mfumo wa D-Jetronic kwenye Volkswagen 1600 iliyokuwa inaenda soko la Marekani. D ni ya Druck, Kijerumani cha shinikizo. Haukupima hewa moja kwa moja. Ulipima shinikizo kwenye bomba la kuingizia hewa, ukaangalia injini inazunguka kwa kasi gani, halafu ukakisia kiasi cha hewa. Usicheke hiyo njia, bado iko. Gari nyingi ndogo tunazoendesha Kenya zinatumia mjukuu wa wazo hilo, sensa ya shinikizo, na hazina kawaya kabisa. Ubaya wake ni kwamba ni makisio. Injini ikizeeka, makisio yanaanza kupotea njia.

Mwaka 1973 Bosch wakaja na L-Jetronic. L ni ya Luft, hewa. Hapa waliweka mlango mdogo wenye springi ndani ya bomba. Hewa ikiingia inausukuma, na mlango ukifunguka unasogeza kitu kama kile cha kuongezea sauti kwenye redio ya zamani. Kompyuta inasoma umeme unaotoka hapo na kujua hewa ni kiasi gani. Kampuni za Japani zilichukua mlango huo, na Toyota nyingi za miaka ya 1980 zilikuja nao.

Kuna mwaka mmoja mwingine lazima niutaje. Kwa soko la California, Volvo ilitoa gari za modeli ya 1977 zenye katalitiki ya kazi tatu pamoja na sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Katalitiki hiyo ina platinamu na ndugu zake, na inageuza sumu tatu kwa pamoja: kaboni monoksaidi, petroli ambayo haijaungua, na oksaidi za naitrojeni. Lakini ina maringo. Inafanya kazi vizuri tu kama mchanganyiko uko karibu kabisa na ile 14.7 kwa 1. Ukienda kando kidogo, sumu moja au nyingine inapita.

Hapa ndipo nilielewa kitu ambacho fundi wa kwanza hakumwambia mjomba. Sensa ya hewa na katalitiki ni timu. Sensa ya hewa inapima maji kabla unga haujaingia. Sensa ya oksijeni inaonja ugali ukiwa umeiva na kusema ongeza, punguza. Katalitiki inamalizia usafi. Ukichafua ya kwanza, ya mwisho inateseka. Ukiondoa ya mwisho, hao wengine wanafanya kazi nusu.

Kawaya

Ule mlango wa springi ulikuwa na shida mbili. Kwanza, unaziba njia: injini inataka kuvuta hewa na wewe umeweka mlango. Pili, unapima ujazo, si uzito. Ilibidi uongezewe sensa ya joto la hewa, na ukipanda mlima bado unapotea kidogo.

Suluhisho lilikuwa limelala kwenye karatasi ya kisayansi tangu 1914. Louis Vessot King, mwanafizikia wa chuo kikuu cha McGill, Montreal, alichapisha kazi juu ya jinsi waya ya moto inavyopoteza joto ikipigwa na upepo. Hakuwa anafikiria gari. Lakini wewe mwenyewe unaijua hiyo sayansi: chai ikiwa moto unaipuliza. Ukipuliza zaidi, inapoa haraka. King alitoa hesabu kamili ya uhusiano huo kati ya upepo na joto linalopotea.

Geuza hiyo akili sasa. Chukua kawaya ka platinamu, kapitishie umeme kawe moto, kaweke kwenye njia ya hewa. Hewa ikipita, kanapoa. Amuru saketi ikarudishe kwenye joto lile lile kila wakati. Hewa ikiongezeka, umeme unaohitajika unaongezeka. Soma umeme, umejua hewa. Na uzuri wake ni huu: hewa nzito inabeba joto zaidi kuliko hewa nyepesi. Kwa hivyo kawaya hakasomi ujazo, kanasoma uzito. Likoni na Limuru kanazitofautisha kenyewe bila kuambiwa na mtu.

Bosch walileta njia hii kwenye gari za kawaida mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Volvo walikuwa kati ya wa kwanza. Waya yao ilikuwa na unene wa kama mikroni 70, karibu sawa na unywele wa mtu. Pembeni kulikuwa na kipande kingine kinachosoma joto la hewa inayoingia, ili siku ya baridi isidhaniwe kuwa upepo mwingi. Saketi inayolinganisha hivi viwili inaitwa daraja la Wheatstone, na mpango wake ni wa 1833! Ilibuniwa na Mwingereza Samuel Hunter Christie, lakini Charles Wheatstone aliitangaza hadi jina likabaki lake. Inatokea sana, hata kwenye kontenti.

Wahandisi walijua vumbi litakuja. Vumbi likikaa juu ya waya linakuwa kama blanketi: waya haipoi kama inavyofaa, kompyuta inadhani hewa ni kidogo, inatoa petroli kidogo. Tambarare hutasikia sana, mlimani ndipo inamisi. Hiyo ndiyo gari ya mjomba. Kwa hivyo zile za kwanza zilipewa ujanja: ukizima injini, kawaya kanawashwa hadi karibu nyuzi 1,000 kwa sekunde moja hivi, uchafu unaungua. Baadaye waya ikageuka kuwa utando mwembamba juu ya kipande kidogo, na katikati ya miaka ya 1990 zikaja zinazotambua hata hewa inayorudi nyuma. Nyingi za hizi mpya hazijichomi. Zinategemea umbo la njia ya hewa, na zinategemea filta yako iwe nzima.

Mawimbi ya Göttingen

Kuna njia nyingine ambayo siwezi kuiacha kwa sababu ni tamu. Karibu mwaka 1911, kwenye chuo cha Göttingen, Ujerumani, mwanafunzi Karl Hiemenz aliweka nguzo ya duara kwenye maji yanayotiririka. Alitaka mtiririko uliotulia. Ukawa unayumba kushoto, kulia, kushoto, kulia. Profesa wake Ludwig Prandtl akamwambia labda nguzo yako si duara kamili. Akailainisha. Maji bado yanayumba. Labda mfereji hauko sawa. Akaurekebisha. Bado. Kijana mwingine wa hapo, Theodore von Kármán, alikuwa akipita kila asubuhi akiuliza kama mtiririko umetulia, na kila asubuhi jibu ni hapana. Akaketi akapiga hesabu, akaonyesha kwamba kosa halikuwa la nguzo. Kitu kikisimama kwenye mtiririko, vimbunga vidogo huzaliwa nyuma yake kwa zamu, upande huu na ule. Waya za stima huimba wakati wa upepo kwa sababu ya tabia kama hiyo.

Miaka 70 baadaye Wajapani wakaifanya pesa. Kasi ya hewa ikiongezeka, vimbunga kwa sekunde vinaongezeka kwa uwiano. Weka kinguzo kwenye bomba, hesabu vimbunga, umejua hewa. Mitsubishi walivihesabu kwa mawimbi ya sauti ambayo sikio la mtu halisikii. Toyota, kwenye Lexus LS 400 iliyotoka 1989, walitumia taa ndogo na kioo kinachotetemeka kila kimbunga kikipita. Njia hii nayo inapima ujazo, kwa hivyo inahitaji msaada wa sensa za joto na shinikizo, na mwishowe kawaya na utando vikashinda. Lakini nikikumbuka Hiemenz akilainisha nguzo yake kila siku, namwonea huruma. Alikuwa akibadilisha plagi.

Turudi nyumbani

Sasa ile kauli, "hii kitu ni ya wazungu, huku haina kazi." Nilikuwa nimekasirika sana juu yake, hadi nikafika kwenye habari ya risasi. Naongea juu ya madini ya risasi, si ya bunduki.

Kwa muda mrefu petroli iliwekwa risasi ili injini isigonge. Risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto, na pia inaua katalitiki: inaifunika ndani hadi haina maana. Gari safi kutoka Japani, yenye katalitiki nzima, ukiinywesha petroli ya risasi, umeiua. Kwa hivyo nadhani kuna wakati fundi wa hapa akisema katalitiki huku haina kazi, alikuwa anasema ukweli.

Lakini wakati huo uliisha. Juni 2001 nchi za Afrika zilikutana Dakar zikakubaliana kuondoa petroli ya risasi. Kufikia mwanzo wa 2006, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeacha, Kenya ikiwemo. Kampeni hiyo ya dunia iliratibiwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, hapa hapa Gigiri, hadi nchi ya mwisho, Algeria, ikaacha 2021. Kwa hivyo kauli ya fundi imepitwa na wakati kwa karibu miaka 20. Petroli ilibadilika, sentensi ikabaki. Inarithishwa gereji hadi gereji kama jina la mtaa ambao mti wake ulikatwa zamani.

Na hapa ndipo msimamo wangu uko. California walipata sensa ya hewa na katalitiki kwa sababu watu walikohoa, wakauliza, wakabishana na matajiri, wakashinda. Sisi tulipata vifaa hivyo hivyo vikiwa ndani ya gari kuukuu, vimeshuka kwenye meli Mombasa, bila lile swali lililovizaa. Ndiyo maana tunavitoa kirahisi. Mtu hawezi kulinda kitu ambacho hajui kilipiganiwa.

Simlaumu fundi peke yake. Hakuna aliyemfundisha, na mteja wake anataka gari itoke leo. Kuna pia soko la katalitiki kuukuu kwa sababu ya ile platinamu, kwa hivyo mtu anaweza kukuambia imeziba kwa sababu nzuri za mfuko wake. Simlaumu mjomba pia. Alikuwa amelipia plagi na koili ambazo hakuhitaji, amechoka.

Lakini sheria tunayo. Kanuni za ubora wa hewa zipo tangu 2014. Gari inayoingia nchini lazima iwe haijapita miaka minane, na inakaguliwa kabla ya kuja. Lakini ikishaingia, hebu jiulize: wewe au mtu wenu wa karibu, ni lini gari yake ilipimwa moshi? Tumeweka masharti mlangoni, ndani ya nyumba kila mtu anafanya anavyotaka. Nataka kipimo cha moshi kiwe sehemu ya ukaguzi wa kawaida wa gari zote, za serikali zikitangulia. Na nataka wanafunzi wa ufundi wafundishwe kwa nini hivi vifaa vipo, si vinafunguliwaje tu.

Nilimweleza mjomba haya yote siku ya mwaka mpya, kuanzia nanasi hadi Gigiri. Alisikiliza vizuri, akala, halafu akaniambia, "Mpwa wangu, umesoma. Sasa hiyo katalitiki ingine utanunua wewe?" Nilikuwa nimeuliza bei. Inazidi kodi yangu ya mwezi. Nikanyamaza.

Bado hajaweka. Nikipanda gari yake, nyuma kunanuka petroli mbichi tukiwa kwenye foleni, na najua wanaokaa nyuma yetu kwenye bodaboda wanaivuta. Kawaya kako safi, kanapima kila gramu ya hewa inayoingia kwa injini. Upande ule mwingine, inakotokea, hakuna anayepima.

Kwa hivyo gari ikianza kukuchokea mlimani, kabla hujakubali chochote kikatwe, mwambie fundi akuonyeshe filta ya hewa. Halafu mwambie akuonyeshe sensa. Na akikuambia katalitiki imeziba, muulize ameipima na nini. Kama jibu ni spana, rudi nyumbani na gari yako.